Mabuti Ndani ya Mfuko

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Goti linasemaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi, au ile dawa ya kuchua niliyokutumia imesaidia? Usinijibu kwamba unamshukuru Mungu tu, kama kawaida yako. Niambie ukweli. Sisi huku miili yetu haijambo. Mengine nitakueleza, ila naomba uketi kwanza, na usimpe jirani akusomee. Vaa miwani uisome mwenyewe. Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaki kungoja zipoe, maana zikipoa nitakuandikia uongo wa heshima.

Mwisho wa mwaka wa shule, Mama, ni maradhi. Sijui nani kawaambia walimu kwamba wazazi hatuna kazi. Kila kitu wamekirundika katika wiki moja, na katika wiki hiyohiyo kila mwanamke mjini anataka kusukwa, nami saluni sina hata nafasi ya kumeza mate. Mkubwa wetu amemaliza shule ya msingi. Walipomvua beji yake ya kiranja alilia akanilowesha bega zima, yeye aliyekuwa akisema ameichoka ile shule. Mapengo, huyu wetu wa kati, alikuwa na siku ya michezo. Alikimbia mbio za magunia, akaanguka, jino lake la mbele lililokuwa likining'inia likang'okea mle guniani, akagoma kutoka uwanjani mpaka lipatikane. Mwalimu wa michezo mzima na filimbi yake alipiga magoti akageuza gunia nje ndani. Mashindano yalisimama. Nami nilisimama pembeni na kitana mkononi, mteja wangu ananisubiri saluni kichwa kikiwa wazi.

Halafu kukawa na mahafali ya chekechea. Ndiyo, Mama, siku hizi hata watoto wanaolala mchana wanavalishwa joho na kofia. Joho la somo yako lilikuwa refu, nikalipinda kati ya mteja na mteja, na sehemu nyingine nikaibana kwa vibanio vya nywele kwa sababu uzi uliniishia.

Unamjua somo yako. Kwa kuwa amebeba jina lako, hakuna anayethubutu kulitaja kwa hasira humu ndani. Baba yake humwita Mama, sisi wengine tunamwita Bibi Mdogo. Na mtoto huyu, tangu alipoanza kusimama, hajui kitu kingine duniani isipokuwa lori la baba yake. Mwanao, kama ujuavyo, ni dereva wa lori la majitaka. Choo kikifurika au mtaro ukiziba, watu humpigia yeye simu, naye hufika na bomba lake. Akirudi jioni huyaosha mabuti yake ya mpira kwenye bomba la uani, na kabla hayajakauka Bibi Mdogo keshatumbukia humo mpaka mapajani, anazunguka nyumba nzima akiburuza miguu. Mpira wa kumwagilia bustani huuzungusha kwenye miguu ya viti, kisha huwauliza wageni kama choo chao kimejaa. Siku moja alimuuliza mama mchungaji, kikombe cha chai kikiwa mdomoni. Nilimkaripia, lakini baba yake alicheka mpaka akatoka nje.

Sasa katika mahafali hayo kila mtoto alitakiwa aseme kwenye kipaza sauti atakuwa nani akikua. Mimi hata sikujisumbua kumfundisha, maana jibu la wetu mtaa mzima unalijua. Jioni moja namfumua nywele, akakunja mikono kifuani na kutamka, kwa sauti ambayo si yake, kwamba akikua atakuwa daktari wa watoto. Nikamuuliza lori je. Akatazama mlangoni kwanza, kisha akaniambia kwamba hilo halisemwi. Nikamuuliza nani kasema halisemwi. Akajibu, Mwalimu.

Mama, damu ilinichemka. Udaktari ni kazi njema, sina ugomvi nao, na mtoto akiutaka kesho nitamsomesha kwa jino na ukucha. Lakini kumfundisha mtoto wa watu kwamba kazi inayomlisha haitajwi hadharani, hiyo ni elimu gani? Nilimweleza Baba Watoto mezani. Akatafuna, akameza, akasema daktari si tusi, na Mwalimu ana watoto wengi, niachane nalo. Nikamwambia amekuwa mtu baridi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi macho nilikuwa nayo na sikuona. Sikujiuliza kwa nini mwenye kazi yake hakukasirika. Nilikuwa nimeshakasirika kwa niaba ya wawili.

Nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, akanieleza kwamba shule inawahimiza watoto kuota mbali. Nikamuuliza vyoo vya shule vilipofurika muhula uliopita, nani alikuja kuvinyonya, daktari wa watoto? Watoto walijipanga kwenye uzio kumtazama mwanao akifanya kazi, na walimu wakamshukuru kwa sababu shule ilikuwa karibu kufungwa. Mwalimu mkuu akarekebisha tai yake, akaniambia nimwone mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa yuko kwenye mazoezi ya mahafali, hawezi kutoka. Nikarudi kesho yake, bado yuko kwenye mazoezi. Nikajua ananikwepa.

Lakini Mungu si Athumani. Mkesha wa mahafali, ni nani anaingia saluni kutaka kusukwa? Shoga yangu wa kiti cha pili alinikonyeza. Nilimkaribisha Mwalimu kwa heshima zote, nikamkalisha, nikamchana, nikaanza kusuka. Upande mmoja ulipokwisha na upande wa pili ukiwa umesimama timtim, nikaweka kitana chini. Hakuna mwanamke atakayetoka nje na kichwa cha namna ile. Nikamuuliza, mbele ya saluni nzima, mume wangu amemkosea nini hata kazi yake isitajwe mbele ya watu. Shoga yangu akazima kikaushio ili asipitwe na neno.

Mwalimu hakunitazama. Alitazama kioo, akasema kwa upole kwamba swali hilo ningeliuliza nyumbani kwangu. Mimi nikaelewa ananitukana, kwamba aibu inatoka kwetu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu macho yako nayaheshimu. Aliyasikiliza yote mpaka mwisho. Nikamalizia kichwa kwa sababu kazi ni kazi, ila mistari niliivuta hasa, ili siku ya mahafali nyusi zake zikae juu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Akanilipa, akanishukuru, akaenda zake.

Siku ikafika. Ukumbi wote maputo. Baba Watoto aliomba ruhusa kazini, akaja na shati alilonyoosha mwenyewe. Nilikuwa nimemwekea kiti mbele, lakini alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, akasema pale kuna upepo. Watoto wakaanza kupanda mmoja mmoja. Rubani, daktari, rubani, mwanasheria, rubani. Nikawaza kwamba mji huu utakuwa na ndege nyingi na asiwepo hata mtu wa kuwapeleka abiria uwanjani. Kisha akapanda somo yako, joho limeshafumuka upande mmoja, kofia imemfunika sikio. Alisema vizuri, Mama, bila kukosea. Atakuwa daktari wa watoto. Watu wakapiga makofi, na Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti.

Mtoto hakukiachia. Aliwatafuta watu kwa macho, safu kwa safu, mpaka akafika nyuma. Ndipo akasema, na ukumbi mzima ukasikia:

"Baba, sikusema lori."

Watu walicheka. Maneno ya watoto, wakasema. Mimi niligeuka. Mwanao alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na viatu alivyovaa siku hiyo havina kamba. Nikamtazama Mwalimu na nyusi zake zile nilizozipandisha mimi. Akatazama chini.

Tulipofika nyumbani nilimpeleka uani, kwenye bomba la mabuti, mbali na masikio ya watoto, nikamtaka aseme. Alisema. Alikwenda mwenyewe kumwona Mwalimu, akaoga kwanza na kuvaa shati la harusi yetu, akamwomba amfundishe mtoto kazi nyingine yoyote, na akamsihi asiniambie mimi. Nilipomuuliza sababu akanieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia katika nyumba hii. Miaka yote najua kwamba marehemu baba mkwe alikuwa mfanyakazi wa halmashauri, basi. Mwanao hakuongeza neno, na wewe pia, Mama, hukuongeza. Kumbe alikuwa akizoa ndoo za vyoo kwa mkokoteni, na mwanao alipoulizwa darasani kazi ya baba yake aliitaja kwa sauti, akijivuna, kwa sababu alikuwa anampenda. Tangu siku hiyo wakamwita Nzi mpaka anamaliza shule. Nikakumbuka wenzake wa utotoni walivyoliimba jina hilo kwenye harusi yetu. Nilidhani ni kwa ajili ya wembamba wake, nami nikaitikia wimbo.

Halafu akaniambia lililokuwa likimla. Alimwomba baba yake asipitishe tena mkokoteni mbele ya shule. Mzee hakuuliza kwa nini. Kesho yake akaanza kuzunguka kwa njia ya nyuma, ile yenye mlima, na akaendelea kuipita hiyo hadi alipoacha kazi. Hawakulizungumzia jambo hilo kamwe. Mzee akafa. Maisha nayo yakamzungusha mwanao yakamrudisha kwenye kazi ileile, na kila somo yako anapovaa yale mabuti, yeye huona siku inakuja ambapo mtoto huyu atamwomba azunguke. Akaona afadhali aombe yeye mapema kuliko kungoja kuombwa.

Nilimkasirikia, Mama, na sijui nimkasirikie vipi. Nikiwaza wale waliomwita Nzi, wengine wao walikula na kunywa kwenye harusi yetu, nataka kuwafuata mmoja mmoja. Nikimtazama yeye, nataka kumpiga na kumpakata. Kwa Mwalimu nilikwenda, nikamwomba radhi, nikaifumua ile mistari na kuisuka upya, taratibu. Aliniambia alitoa ahadi ya kunyamaza, na ahadi haivunjwi kwa sababu ya kuvutwa nywele. Nikaona haya.

Nilidhani yamekwisha. Shule zimefungwa, watoto wapo nyumbani. Juzi asubuhi Baba Watoto anajiandaa kwenda kazini, akatafuta mabuti yake pale bombani, hayapo. Akatafuta chini ya ngazi, hayapo. Akatokea somo yako akiburuza mfuko mweusi wa plastiki, mdomo wake ameufunga mafundo. Akampa baba yake. Akamwambia amemfichia, watu hawatayaona.

Hakuwa na kinyongo wala huzuni. Alikuwa amefurahi kwamba amemsaidia. Mwanao alisimama mlangoni na mfuko ule mkononi, hakujua aufungue au aondoke nao. Utingo wake akapiga honi ya lori barabarani. Akaondoka nao. Tangu siku hiyo mtoto hajayavaa mabuti yale, na jirani alipomuuliza kwa utani kama baba yupo kazini, alinitazama mimi kwanza kabla ya kujibu.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi nimesema mpaka sauti imekauka, nimemwambia mwanao kwamba mficha uchi hazai, nimemwambia mtoto lori linasemwa, tena kwa sauti kubwa. Hawanisikii, kwa kuwa mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Mzee aliporudi nyumbani siku ile ya kwanza ya kuzunguka mlima, ulimvua viatu wewe. Alisema nini? Aliumia, au alicheka tu, au alielewa? Mwanao hajui, na hilo ndilo alilolibeba mpaka leo akaanza kumbebesha mtoto. Kama Mzee alisema neno, mletee, hata kama ni neno chungu. Kama alinyamaza, njoo umwambie kwamba alinyamaza. Lakini usimwandikie, Mama. Njoo. Goti likikataa nitakuja kukuchukua mwenyewe, hata nikifunga saluni.

Mkubwa anakusalimu, anasema ukija mtalala chumba kimoja. Mapengo anakusalimu, jino lilipatikana na amekutunzia ulione. Shoga yangu wa saluni anakusalimu pia, na amekuahidi kukusuka. Baba Watoto hajui kama nimeandika.

Somo yako naye anakusalimu. Jana nilimwambia kwamba babu yake alifanya kazi inayofanana na ya baba. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama na hiyo haisemwi. Nimemjibu kwamba bibi yake anakuja kusema.

Ni mimi, mkaza mwanao,
mama wa somo yako.