Jina la Marehemu Aliye Hai

Baba Angasi,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo mama alivyokuita, nawe ulikuwa ukigeuza shingo upesi mno, kama mtu aliyeitwa na askari. Nilikuwa mdogo, nikadhani ni mapenzi. Sikuulizi hali. Anwani yako siijui, wala sina hamu ya kusikia kwamba u mzima.

Unakikumbuka kibanda chako cha msimamizi wa barabara, pale Keroka? Mvua ikinyesha ulinikalisha juu ya sanduku lako la mbao lenye jina la mji wenu wa Skotilandi, ukanishika mkono, tukaandika jina langu, "Angasi", mpaka penseli ikaisha ncha. Nilikupenda, baba. Hilo naliandika nikiwa nimeuma meno.

Kwetu Wagusii mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufa, kwa hiyo uliponiita Angasi mama alikuuliza huyo ni nani. Ukamjibu, "Ni marehemu wa kwetu." Akakuuliza kilichokutoa kwenu, ukasema, "Kesi tu." Akaridhika. Kila mavuno alimwaga uji kidogo wa wimbi mlangoni, marehemu wako apate kunywa. Wewe ulikuwa umekaa papo hapo na kiko chako, unatazama. Kisha vita vikaja, ukapanda lori, ukaniambia utaniandikia.

Nilikua bila barua yako. Nikawa karani wa mahakama ya wenyeji hapa Kisii, nikamposa Kerubo wa Marani. Baba yake hakujali rangi yangu. Aliuliza neno moja tu: "Huyo uliyepewa jina lake alikufa kifo gani?" Hakutaka binti yake azae katika jina la mwuaji au la mtu aliyejinyonga. Nikamwomba muda nikatafute.

Basi nikaandika kwenu, kwenye hifadhi ya majalada ya mahakama, kuulizia ile kesi yako, huenda marehemu ametajwa humo. Mtunza kumbukumbu akanijibu kwamba hawezi kutafuta bila kujua mahakama, mwaka na majina ya pande mbili. Mahakama niliikisia kwa lile sanduku. Mwaka niliukisia kwa umri wangu. Jina nilikuwa na lako peke yake. Tuliandikiana hivyo, meli kwa meli, wimbi likavunwa mara mbili, ndipo ikaja bahasha nene: nakala ya jalada zima.

Sisi makarani husoma hukumu kwanza. Hukumu ilisema mtoto ni wako. Nikarudi nyuma. Aliyekushtaki alikuwa mtumishi wa jikoni, na mtoto wake mchanga aliitwa Angasi. Uliapa kwamba mwanamke huyo humjui kabisa. Akatoa barua yako uliyomwandikia, na mwandiko nikautambua, maana ndio ulionifundisha. Karatasi ya mwisho iliandikwa miaka mingi baadaye, mimi nikiwa tayari shuleni. Angasi, sasa kijana, amefika mwenyewe mahakamani kuomba nakala ya hukumu. Ametia sahihi yake.

Alikuwa hai, baba. Siku zote za ule uji alikuwa hai.

Ningeweza kumdanganya mzee wa Marani, nina damu yako. Nikamsomea yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba yako alimzika mtoto mzima kwa mdomo. Binti yangu haingii nyumba hiyo." Leo Kerubo ni mke wa mwalimu huko Nyamira. Mama aliposikia alikaa chini, akasema, "Kumbe nilikuwa namfanyia matanga mtoto wa mwenzangu." Tangu hapo uji hamwagi, na jina lako halitaji hata kwa kulaani. Kazi hiyo nimeachiwa mimi, na naifanya kwa moyo wote.

Nakujua, huwezi kukaa bila mwanamke. Kama uliko sasa kuna mtoto unayemshika mkono akiandika Angasi, na mama yake ameuliza jina ni la nani, najua ulivyomjibu. Lakini mtoto huyo atakua, ataanza kutafuta karatasi. Nimemrahisishia. Kwa kuwa anwani yako siijui, barua hii naituma kwa yule mtunza kumbukumbu, iwekwe ndani ya jalada lako, juu ya hukumu, mtoto akilifungua aisome kwanza.

Usinijibu, na usipate usingizi.

Mwanao wa pili,
marehemu Angasi