Siku Niliyomtoa Baba Mtaroni

Nyumba ya ngazi za kijani,
Ghorofa ya pili.
Jumapili asubuhi, 9 Machi

Mpendwa wifi yangu,

Habari za huko? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Na wale pacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku ni wazima, Mungu ashukuriwe. Kaka yako anakoroma kama kawaida. Mama amepata miwani mipya, kwa hiyo vumbi langu lote sasa linaonekana.

Kwanza tuliza moyo: baba ni mzima, hana hata mchubuko.

Simu yako ya Jumanne iliniumiza, wifi. Ulisema nimemfukuza mzee kazini, na kwamba nitamuua kwa aibu, kisha ukakata. Sikulala. Leo nakueleza yote.

Unajua pale kwenye ujenzi mimi ndiye msimamizi wa usalama, na baba ndiye mkuu wa waashi. Nyumbani siwezi hata kumpandishia sauti. Kazini natakiwa nimwamrishe avae kofia ngumu. Kazi ninayo!

Usiku wa kuamkia Jumanne mvua ilinyesha kweli kweli. Asubuhi nikakuta ukingo wa mtaro wa msingi umeanza kufanya nyufa, na mbao za kuzuia udongo hazijaletwa. Nikawatoa mafundi wote. Baba akabaki chini, anapanga mawe.

Nikamwita kwa adabu, "Baba, naomba utoke."

Hakuinua hata kichwa. "Nimeanza kushuka mitaroni wewe hujazaliwa, mama."

Watu wakaangua kicheko. Sasa ningefanyaje? Mkwe humvuti shati. Nikazima mashine ya zege, nikasimamisha kazi yote, mpaka wapaka rangi wa jengo la upande wa pili. Mkandarasi alifoka, mimi nikatia pamba masikioni. Mwishowe wenzake ndio waliomsihi. Akapanda ngazi, akatupa mwiko, akaenda nyumbani bila kunitazama. Ndipo mama akakupigia.

Jumatano mchana, mtaro ukiwa mtupu, upande mzima uliporomoka. Ulifukia karai lake na kigoda anachokalia. Baba alipokuja kuona, akavua kofia. Mimi nikakaa juu ya matofali nikalia kwa furaha, wala sioni haya kukuambia. Aibu mtu hupona, wifi. Udongo ule asingepona.

Usidhani aliniomba radhi. Baba yako huyo! Jioni alikula chakula changu, akasema chumvi imezidi.

Lakini Ijumaa mbao zilifika, akasimamia mwenyewe zinavyokazwa. Kisha akajipanga ukingoni na mafundi wake, mikono nyuma. Mkandarasi akauliza wanangoja nini.

"Tunamngoja mkwe wangu akague," baba akasema kwa sauti, hadi wapita njia wakageuka. "Asiposema yeye, hatushuki."

Nilikagua ufa mmoja mmoja huku machozi yananilenga.

Basi usininunie tena. Msalimie sana shemeji, wabusu pacha, na shangazi mwambie kitambaa chake kimefika. Mungu awalinde mtokapo na muingiapo.

Baba anasema umpigie leo jioni. Anataka kukusimulia jinsi yeye alivyowaokoa mafundi wake wasifukiwe. Msikilize mpaka mwisho, wifi, na umpongeze. Yupo wa kusimulia.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukinikatia simu.