Mtu wa Kwetu Juu ya Meza

Kampala, Jumapili

Kwa mzazi wangu, Baba,

Shikamoo. Kwa umbali huu siisikii marahaba yako, lakini naikumbuka unavyoitamka huku unavua viatu barazani, na leo nimejitosheleza na hiyo. Naomba barua hii ikukute u mzima, na Mama naye mzima, na goti lake limetulia kwa kuwa huko sasa mvua zimekatika. Mimi mwilini sina neno. Nakula, nalala, nasoma. Moyo ndio wenye neno, na ndio ulionikalisha mezani tangu nimalize sala ya asubuhi.

Barua yako imefika. Nakujibu kwa herufi zako hizi za Kiarabu, ingawa mkono wangu umekwisha kuzisahau kidogo, ili usije ukasomewa na mtu. Hapa chuoni sijaona mwingine anayeandika Kiswahili kwa herufi hizi. Kijana wa Kiganda ninayekaa naye chumba kimoja aliiona barua yako kitandani akadhani ni hirizi, akawa anapita mbali na kitanda changu kutwa nzima. Nilicheka sana, kisha nikaona sina wa kumweleza kwa nini nacheka.

Umeandika maneno machache kama ilivyo kawaida yako. Umesema Selemani dereva wa lori amerudi Lindi na habari kwamba sisi tunaosomea udaktari huku tunakatakata maiti, na kwamba watu wamekuuliza msikitini. Kisha ukaandika: “Mikono hiyo niliifundisha kuosha wafu. Kama sasa inawakata, funga vitabu urudi nyumbani. Radhi yangu sijaiondoa, nimeishika tu.”

Nimeisoma hata karatasi imelegea kwenye mikunjo. Baba, Selemani hakusema uongo. Ni kweli.

Ningeweza kukuandikia kwamba ni maneno ya madereva, ukaniamini, nami nikasoma kwa raha. Nimeshindwa. Nikichukua kalamu naiona mikono yako, na Rutamba nzima inaijua mikono yako, maana hakuna mwanamume aliyezikwa pale kwa miaka yote ninayoikumbuka asiyepita chini yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikikumwagia maji. Ulinifundisha kwamba maiti hafunuliwi, anaoshwa chini ya nguo. Unaanza upande wa kulia, tumbo unalikamua polepole, humgeuzi kwa haraka, wala huongei mambo ya shamba mbele yake. Hayo nilikuja nayo Kampala pamoja na ule mkeka alionisukia Mama.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Chumba chenyewe ni kirefu, kina madirisha makubwa na meza za bati, na kila meza ina mtu mmoja aliyefunikwa. Wametiwa dawa kali ya kuwazuia wasioze, inachoma macho kuliko kitunguu. Mwalimu wetu, Mwingereza mrefu asiyecheka, alitugawa makundi, akatueleza kwamba hawa ni watu waliofia hospitali na hawakutokea ndugu wa kuwachukua. Mhudumu akaja kwenye meza yetu akafunua uso.

Baba, alikuwa mtu wa kwetu. Alikuwa na nembo kwenye mashavu yote mawili, ile mistari inayokutana karibu na sikio, na meno ya mbele yamechongwa kama ya babu. Toka niingie Uganda nilikuwa sijakutana na mtu hata mmoja wa kusini. Jumapili nilikuwa nashuka sokoni nikisikiliza kama nitapata japo mtu mmoja anayesema Kimwera, anitukane tu nifurahi. Wa kwanza niliyempata ndiye huyu, naye hasemi.

Wenzangu walikwisha kumpa jina la mzaha, kila meza ilikuwa na lake. Mimi sikuweza kulitumia. Nilimwita Mjomba, kwa kuwa ni mkubwa wangu na jina lake silijui. Mhudumu alinidokeza kwamba aliletwa kutoka mashamba ya miwa, mgonjwa wa kifua, na hakuna aliyeielewa lugha aliyokuwa akiita nayo watu. Nilitoka nje nikalia. Sikuona haya.

Siku hiyo wenzangu walikata, mimi nikashika kitabu. Kesho yake alfajiri, baada ya kuswali, nilichukua ndoo na kipande cha kafuri ulichonifungia safari ile, nikamwomba mhudumu anifungulie. Nikamwosha Mjomba. Nilianza upande wa kulia, chini ya nguo, kama ulivyonifundisha. Maji yalikuwa ya baridi nikamwomba radhi. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke Lindi nilihisi nipo mahali ninapopajua.

Kumbe nimeharibu. Yale maji yaliiondoa dawa kwenye ngozi. Baada ya siku chache ukungu ulianza kumwota kwenye mkono wa kulia na shingoni, mahali nilipomwaga maji mengi kwa mapenzi, na nyama ya pale ikawa haifai tena kusomwa. Mwalimu akauliza nani ameweka maji. Nikasema ni mimi. Akaniita chumbani kwake akaniuliza nilijuaje kwamba mtu yule ni Mwislamu. Nilimjibu kwamba sikujua, na kwamba baba yangu akiitwa huwa hachunguzi, huchukua ndoo. Hakunifukuza. Alisema nimewanyima wenzangu mkono mzima wa kusomea, na kwamba nikitaka kuwa daktari nichague kama nitamhudumia mtu huyu kwa maji au kwa kumsoma hadi mwisho.

Wenzangu hawajanisamehe. Wakati wa kula nikikaa, benchi linabaki wazi huku na huku. Sina kinyongo nao, mkono ule ulikuwa haki yao pia. Lakini upweke nao ni mzigo, Baba, na huu hauna mahali pa kuutua.

Basi nikamsoma. Nilishika kisu, nikasema bismillahi kimoyomoyo, nikakata. Nakuambia wazi kwa kuwa usiku mmoja wa kunikasirikia ni afadhali kuliko miaka ya kudanganywa. Tulipofika kifuani nikaona mapafu yake, yana matundu na uvimbe mgumu wa kushikika kwa vidole. Ndicho kile kikohozi cha babu, Baba. Wewe na mjomba wangu wa damu, kaka yake Mama, mlikizungukia kwa waganga wa Milola hadi mbuzi wakaisha zizini, na jirani yetu waliyemtaja kuwa mchawi hadi leo anatazamwa kwa jicho baya. Hakuroga mtu. Nimeushika ule ugonjwa kwa mkono wangu, na siku hizi una dawa.

Yapo mengine tunayofundishwa ambayo sijui niyaweke wapi. Yuko mwalimu anayetueleza habari za viumbe walivyobadilika tangu zamani. Alipanga mbele yetu mkono wa mtu, bawa la popo na pezi la nguva. Vyote vina mfupa mmoja juu, miwili chini, kisha vidole. Halafu akatundika picha ya mnyama mkubwa kuliko nyumba, akasema mifupa yake imechimbwa Tendaguru, nyuma ya Lindi. Nilinyoosha kidole nikasema baba yangu aliibeba. Darasa zima liligeuka kunitazama. Niliwaeleza ulivyonisimulia, jinsi mlivyokuwa mkiivika mifupa udongo na mianzi, mkaipeleka pwani kwa kichwa, na kwamba kila ulipoinua mzigo ulisema bismillahi kwa sababu hamkujua ni mifupa ya nani. Hakuna aliyecheka. Mpaka leo sijui wewe mwenyewe unaonaje, kwamba bawa la popo na mkono wako vimejengwa namna moja. Mimi nimeliacha kwa Mwenye elimu yote.

Na yuko mwalimu wa kemia mwenye chombo kinacholia tik tik kikisogezwa karibu na mawe fulani. Anasema ndani ya mawe hayo mna kitu kinachopungua kidogo kidogo, na kwa kukipima wataalamu wanajua jiwe lina umri gani. Nilikisikiliza kile chombo nikashikwa na uchungu. Jiwe lina watu waliovuka bahari kuutafuta umri wake. Mjomba hana hata mtu mmoja wa kutuambia jina lake.

Kwa hiyo nina ombi kabla hujakata shauri. Mwulize kaka yake Mama, naye awaulize wazee wa Rutamba na Milola, ni ukoo gani uliopotelewa na mtu mzima, mrefu, nembo kama nilivyozieleza, mguu wa kushoto ulivunjika utotoni ukaunga vibaya. Huenda yupo mama anayemwekea chakula. Huenda yupo mke asiyejua kama akae eda.

Mwambie Mama mkeka wake ndio ninaolalia, kitanda cha chuo nimekiachia vitabu. Dada yangu mpe pole ya kulea, na yule mwanawe mkorofi asiguse korosho zangu. Shangazi asisahau kuniombea, dua zake huwa ndefu na hapa zinahitajika. Mwalimu wangu wa Kurani huko nyumbani mwambie bado nasoma Yasini kila Alhamisi, na safari hii namsomea mtu.

Sasa nirudi kwenye neno lako. Mwakani tutakapomaliza, wanakusanya kilichobaki cha kila mtu, wanakitia sandukuni na kukizika nyuma ya hospitali. Hakuna anayehudhuria. Nilimwomba yule mwalimu asiyecheka aniruhusu siku hiyo nimwoshe Mjomba na kumvika sanda, kwa kuwa dawa haitakuwa na kazi tena. Akasema, “Kama bado utakuwepo.”

Baba, unamkumbuka yule mtu aliyeliwa na simba njia ya Milola? Walikuletea kikapu kimefunikwa majani. Watu walisema kizikwe hivyo hivyo, mle ndani hakuna mtu wa kuoshwa. Nilikuwa nimeshika kata ya kuchotea maji, nilikuona ulivyowatazama. Ulisema, “Kilichobaki ni mtu. Leteni maji.”

Radhi yako siwezi kuishi bila hiyo. Ukiniita nitakuja, na sitanung'unika njiani. Lakini nikija, siku watakapoleta lile sanduku, hapa Kampala hatakuwepo hata mmoja wa kusema leteni maji.

Ni mimi mwanao niliyekuwa nikikushikia kata,

Athumani