Mikono Miwili Haikutosha

Hardanger, Jumatatu

Dada yangu Ragnhild,

Theluji imeyeyuka na kondoo wameanza kuzaa. Mikono yangu bado inatetemeka kama nilivyokuandikia, na kanisani nilikuwa sijamwambia mtu. Jana, mbele ya kanisa zima, divai ya Meza ya Bwana ilinimwagikia kwenye kanzu. Nikajua uchungaji wangu umekwisha.

Torbjørn, yule mzee wa kanisa anayenipinga kila kikao, akainuka, akakishika kikombe pamoja nami.

"Mchungaji, ulidhani hatuoni?" akaninong'oneza. "Tangu Krismasi tunangoja useme."

"Niliogopa mtanifukuza."

"Tukikufukuza, mimi nitagombana na nani? Haya, twende, watu wana kiu."

Tukawashirikisha wote. Miaka yote nimewahubiria wabebeane mizigo, kumbe wangu nimeuficha. Usiku nililala usingizi wa pono.

Ndugu yako akupendaye,
Eivind