Mkasi Niliomrithisha Wifi Kabla ya Majibu ya Ini

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisikilize kwa utulivu maana hapa nilipo sijui hata nianze na shukrani au na kosa. Mimi ni fundi cherehani, nina mume na watoto wawili, nafanya kazi chumba kimoja na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, cherehani yake iko dirishani na yangu karibu na mlango. Macho yangu yaligeuka manjano, mwili ukaniwasha usiku na mchana, nikapimwa damu, nikapigwa picha, mwisho daktari akasema lazima wachukue kinyama cha ini kwa sindano kikaangaliwe maabara, hawawezi kuanza matibabu bila kujua wanatibu nini. Mshauri, hilo neno ini lilinimaliza, nikajua yangu yamekwisha, basi asubuhi ya kwenda kuchomwa nikamkabidhi wifi mkasi wangu mkubwa wa kukatia. Huenda wewe hujui, fundi anaweza kukuazima hata cherehani lakini mkasi hakupi, kwa hiyo kumpa mwenzangu ilikuwa sawa na kumwambia mimi sirudi.

Akaupokea, tukaenda hospitali. Na wifi huyo huyo ndiye aliyekaa nami wodini nilipolazwa ubavu wa kulia, marufuku kujigeuza, akanichekesha mpaka nesi akamtishia kumtoa nje, na tangu siku hiyo ananimalizia kazi zangu zote, wateja hawajui kama naumwa, jioni anapita nyumbani kupika na mume wangu, maana huyu bwana akiachiwa jiko peke yake, inayoumia ni sufuria. Sijawahi kupendwa hivi, nasema kweli.

Sasa kila nikipita pale kazini kukaa kidogo anauweka mkasi mezani kwangu, nami naurudisha kwake, anaendelea kukatia kazi zangu kwa ule wake butu. Juzi akasema, "Wifi, siku ya majibu nakusindikiza, lakini siendi na mtu aliyekwisha kunirithisha. Chukua chako kwanza." Mimi naogopa, naona ni kumjaribu Mungu, na majibu yakija mabaya nitaurudisha kwake kwa uso gani? Nikikataa nitaenda peke yangu, na peke yangu najijua, nitaishia getini. Mume wangu ndiyo usiseme, hospitali yeye huzimia kabla ya mgonjwa. Nifanye nini? Na huyu dada nimshukuruje?

Fundi anayengoja

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa sindano, na hongera kwa wifi. Barua za mawifi napokea nyingi, hii ni ya kwanza niliyoisoma huku natabasamu. Sasa niache nikugombeze.

Nani kakuambia unakufa? Nimesoma barua yako mara mbili na sikumwona daktari akisema hivyo. Alisema anataka kujua anatibu nini, na daktari akishamkatia mtu tamaa hamtafutii dawa. Ini lina magonjwa mengi, na mengi yana tiba. Mimi si daktari, sitakuahidi majibu mazuri, lakini na wewe si daktari, usijitangazie mabaya. Haraka haraka haina baraka, hata katika kuaga.

Halafu fikiria ulichomfanyia mwenzako. Ulidhani unampa zawadi, kumbe ulimpa msiba. Alikabidhiwa urithi wa mtu aliye hai, akaenda kukuchekesha wodini. Unafikiri ilikuwa rahisi? Anahangaika na mkasi butu kwa sababu siku atakayokata kwa wako atakuwa amekubali kwamba umeondoka. Hajakubali, na mimi niko upande wake.

Kumjaribu Mungu ni kujizika kabla hajakuita. Majibu yakija mabaya utatibiwa vilevile, na anayetibiwa hukata nguo siku akiwa na nguvu, hulala siku akikosa. Hapo aibu iko wapi?

Kesho nenda kazini ukakate kitu, hata kitambaa cha kufutia meza. Jora la kitambaa abebe wifi, wewe usinyanyue kizito mpaka daktari akuruhusu. Usinywe mizizi wala unga wa jirani yeyote anayelijua ini lako kuliko maabara. Siku ya majibu nendeni wawili, yeye asikilize, maana masikio ya mgonjwa huziba. Ulizeni ni ugonjwa gani, matibabu yanaanza lini, na kipi usile. Na hospitali wakichelewa kukupigia simu, piga wewe, usikae kimya ukijifanya mstaarabu.

Kuhusu shukrani, usihangaike na zawadi. Hiyo kesho, kabla hujaketi, mwambie, "Wifi, nipe mkasi wangu, nina kazi." Akiangua kilio mwache alie, amelisubiri neno hilo kuliko wewe unavyosubiri majibu.