Kilomita Mbili Zilizofungwa Kabatini

Gudele, Juba
14 Agosti 2025

Mpendwa mpwa wangu Alek,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na watoto. Natumaini homa ya yule mdogo imekwisha, na kwamba ualimu huko Nakuru haujakuchosha. Mimi bado nipo, ingawa moyo umedhoofika na miguu imevimba. Tangu Juni sijavuka kizingiti. Mlango uko hatua sita kutoka kitandani, nami siwezi kuufikia bila kushikwa mkono.

Sanyu, yule Mganda mwenye duka mbele ya nyumba, ndiye huniletea uji. Jana alinikuta nikiandika, akasema, "Mzee, wewe iko mgonjwa na bado nafanya mtihani?" Nikamjibu kwamba huu niliufeli zamani. Akacheka, akaniambia basi nirudie darasa.

Jumapili mwanangu Malual alikuja na wazee wa kanisa. Mchungaji wao akawaeleza kwamba mimi ndiye niliyegundua mkondo wa kilindini kwa kutumia mkonga wa intaneti. Wakapiga makofi. Nikageukia ukuta.

Unaikumbuka kazi ile ya Mombasa. Tulituma mwanga ndani ya mkonga ule uliolazwa chini ya bahari, na kiasi kidogo kilichorudi kilituonyesha mahali maji baridi yalipougusa. Wewe ndiye uliyeuona mkondo, ukipita kila baada ya wiki mbili kwenye kilomita ya arobaini na moja. Meli ikateremsha kipimo hapo, ikakuta maji yametulia. Wakuu wa chuo wakasema umebuni takwimu. Mimi, mjomba wako na msimamizi wako, nilikaa kimya mezani, ukafukuzwa chuoni.

Alek, hukubuni kitu. Ramani ya mkonga niliichora mimi. Wiki tatu baadaye nilifungua kabati katika kituo cha ufukweni, nikakuta nyuzi za akiba zimeviringishwa, kilomita mbili nzima, ambazo mwanga huzipitia kabla ya kuingia baharini. Sikuwa nimezitoa katika hesabu. Mkondo wako ulikuwa kwenye kilomita ya thelathini na tisa.

Nilifunga kabati. Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu hiyo wakanipandisha cheo. Mwaka uliofuata nikairekebisha ramani kimyakimya, meli ikarudi, mkondo ukapatikana, na makala ikatoka kwa jina langu peke yangu. Miaka mitano nimeishi ndani ya jambo hilo.

Sasa nimekiandikia chuo yote haya na kutia saini. Nakala yako ni hii niliyoiambatanisha. Malual alipoisoma aliniuliza kwa nini nisingoje nizikwe kwanza, wajukuu wasione aibu nikiwa hai. Nilimwambia wakitaka kuuliza, waniulize mimi, si kaburi. Asubuhi hii amekuja kuzichukua bahasha zote mbili, ya chuo na yako, azipeleke kwenye basi la Nairobi.

Sikuombi unisamehe. Simu iko kando ya mto wangu. Nipigie unitukane ningali nasikia.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na umsalimie mama yako, dada yangu, ambaye sikuthubutu kumwandikia.

Mjomba wako,
Makuach