Mboga za Baba na Safari Yangu ya Jumatatu

Nyumbani,
Jumatano, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu, na kwamba binti yako mshonaji ameshapata chumba chenye mwanga wa kutosha. Sisi huku tu wazima kwa kiasi. Nakuandikia nikiketi na kuinuka, kwa maana tangu juzi siwezi kutulia mahali pamoja.

Sababu ni kaka yako. Daktari amempima shinikizo la damu mara mbili, na mara zote mbili hakupenda alichokiona. Ameagiza chumvi ipunguzwe na mboga zichukue nusu ya sahani. Baba alimsikiliza kwa adabu zote, akarudi nyumbani, akazisukuma pembeni mboga nilizomchemshia, akasema yeye hajalazwa wodini.

Nami Jumatatu naanza ile kazi niliyoihangaikia mwaka mzima, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Tangu Mama atutoke tumebaki wawili. Nikiondoka, atakula nini?

Basi nikasoma. Nilimaliza vitabu vitatu vya lishe, nikahitimisha, kinyume cha majirani wote wanaodhani mboga huiva kwa maji tu, kwamba zinapaswa kuokwa: karoti, boga, biringanya na vitunguu, pamoja na mafuta kidogo, kitunguu saumu, na ndimu badala ya chumvi. Hoja yangu haikuwa na kasoro. Trei ndiyo iliyokuwa nayo. Niliijaza hadi ukingoni, nikapunguza moto nisije nikaziunguza, na baada ya saa nzima nikatoa kitu kilicholegea, kimeloa chapachapa.

Baba alipokicheka, nilimsomea ukurasa mzima kuthibitisha kwamba sikukosea. Nilisahau kuwa namsomea mtu aliyeoka mikate kwa miaka thelathini na miwili. Alisikiliza hadi nukta ya mwisho, kisha akaniuliza kama kitabu hicho kimewahi kuungua vidole. Nikabisha. Akainuka, akafungua oveni, akaweka kiganja mbele ya mlango wake.

"Huoki, Profesa, unachemsha. Zimebanana, zinatoka jasho tu. Zipe nafasi, na moto usiuogope."

Akakata mboga nyingine kwa vipande vinavyolingana, akazitandaza katika trei mbili, akapandisha moto, akazigeuza mara moja. Zilitoka zimepiga wekundu pembeni, na boga lilikuwa tamu kuliko nilivyojua boga linaweza kuwa. Alimaliza sahani. Nikamuuliza kama sasa amemkubali daktari. Akasema daktari hahusiki, chakula kimeiva tu.

Nilidhani nimeshinda. Lakini jana nilitoka kukata tiketi nikakuta karoti mezani, kisu kimelala juu yake, naye anakunywa chai kwa mkate mkavu. Alisema hakuona sababu ya kuwasha oveni. Nilichukua kisu nikaanza kukata mapande makubwa ya ovyo, kwa makusudi. Sijafika karoti ya tatu, akaninyang'anya.

Sipendi kukiri jambo ambalo sikulisoma popote, lakini ndivyo lilivyo: Baba hali mboga kwa ajili ya afya yake. Hula akipata mtu wa kumsahihisha, na mtu huyo anaondoka Jumatatu.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, umpigie simu kila jioni umweleze namna ya kuoka mboga. Mweleze vibaya, tena kwa kujiamini kabisa. Wewe ni dada yake mkubwa. Hatathubutu kukukatia simu, wala hataketi kabla hajathibitisha ulivyokosea. Nimetafuta hoja ya kuupinga mpango huu, sijaipata.

Nisalimie binti yako, mkwe wako dereva, na wale pacha wasioacha kuuliza maswali. Mungu akupe nguvu za kubishana.

Ni mimi nikupendaye,
mwana wa kaka yako.